Msimamizi anataka nichimbe, wazee wamegawanyika: nifanyeje na tasnifu yangu?

Shikamoo mshauri,

Mimi ni binti ninayesoma shahada ya uzamili katika akiolojia, na sasa niko mwaka wa mwisho. Uwanja wangu wa utafiti ni sehemu ya bonde la mto Mbwemkuru, mkoani Lindi, upande wa bara. Nililichagua bonde hili kwa sababu karibu kila tunachosoma kuhusu pwani ya kusini kinaanzia Kilwa Kisiwani na kuishia Songo Mnara. Magofu yale yana haki yake, lakini mimi nataka kujua huku nyuma yake walikaa akina nani. Swali langu ni hili: Kilwa ilipokuwa ikikua, kuanzia karne ya 9 hadi ya 14, vijiji vya bonde hili viliongezeka, vilipungua, au vilihama?

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri. Tulitembea kwa mistari tukiachana mita 20 mtu na mtu, mwezi wa Septemba, mashamba yakiwa yamesafishwa na nyasi zimeungua, ardhi inaonekana. Chini ya mikorosho, ambako majani makavu hufunika kila kitu, tuliweka gridi ya mita 50 na kuchimba vishimo vya beleshi vyenye upana wa sentimita 40, hadi kufikia udongo usio na kitu. Udongo wote ulipita kwenye chekeche ya milimita 5. Tulipata makazi mengi ya kale. Mengi ni madogo, vigae vichache tu kwenye mchanga. Moja linayapita yote: tuta la chini lenye urefu wa mita 150 hivi, lina vyungu vyenye pembetatu zilizochanjwa shingoni, mavi ya chuma (takataka za kuyeyushia chuma) kwa wingi, vipande vya kewa, yaani mirija ya udongo ya kupitishia upepo wa mivuo, na kigae kimoja cha kigeni chenye mng'ao wa buluu na kijani.

Tuta hilo liko ndani ya shamba la ukoo mmoja. Kwenye ncha yake ya mashariki kuna mbuyu, na chini ya mbuyu pana mzimu wa ukoo. Watu hufagia, huweka unga na kitambaa cheupe. Wazee wanasema yapo pia makaburi ya zamani, ila hakuna anayejua yalipo hasa. Mwenyekiti wa kijiji na halmashauri yake wameshatia saini. Mzee mwenye shamba, ambaye mimi namwita Babu, amekubali na ananihimiza. Lakini dada yake mkubwa hataki, na wazee wengine wawili wako upande wake. Mbele ya mkutano Bibi aliniuliza: "Wajerumani walichukua mijusi ya Tendaguru wakasema wanakwenda kuisoma. Bado hawajamaliza kusoma?" Watu wakacheka, mimi nikakosa jibu. Tendaguru, kilima walikochimba mifupa ya dinosaria, haiko mbali na sisi, na habari zake kila mtu anazo. Wapo pia vijana wanaoamini kwamba natafuta mali iliyofukiwa na Mjerumani. Tangu tuondoke, mtu amechimba usiku shimo la kufika kifuani kwenye ubavu wa tuta.

Msimamizi wangu anasema tasnifu ya akiolojia isiyo na shimo ni ripoti ya matembezi. Anataka mtaro wa mita 2 kwa 2 katikati ya tuta, na tarehe mbili za kaboni kwa uchache, yaani umri unaopimwa maabara kwenye mkaa, mbegu au kombe. Ni mtu mwema kwangu, yeye ndiye aliyenipigania nikapata ufadhili, na kumkatalia naona ni utovu wa adabu. Fedha iliyobaki ni shilingi milioni 5. Mvua za huku huanza kati ya Novemba na Desemba, na tasnifu inatakiwa Aprili.

La mwisho, watafiti wa kigeni wanaofanya kazi pwani wamesikia habari za tuta. Wamejitolea kulipia tarehe sita za kaboni na uchunguzi wa kikemia wa kigae na mavi ya chuma. Wanachoomba ni faili langu lote la maeneo pamoja na vipimo vya GPS, na makala ya kwanza itoke kwa jina la kiongozi wao, langu lifuate. Msimamizi anasema nikubali haraka.

Nikichimba, namvunja moyo Bibi, na huenda nikagusa kaburi. Nisipochimba, naogopa mtahini wa nje ataikataa tasnifu. Nikichukua ule msaada, sijui nitabaki na kipi kilicho changu. Naomba ushauri wako.

Mtafiti mchanga, Lindi

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa mzigo, na hongera kwa kazi. Kulitembea bonde kwa kuachana mita 20 ni kazi ya watu wanaolipenda jambo lao.

Nikikusoma vizuri, umefunga mambo matatu kwenye kamba moja. Lipo la kitaaluma: ushahidi ulio nao unatosha kujibu ulichouliza? Lipo la ruhusa: nani hasa mwenye neno juu ya tuta lile? Na lipo la heshima na fadhila, kwa msimamizi aliyekupigania na kwa wageni wenye fedha. Yakikaa pamoja yanaonekana kama njia mbili tu, kuchimba au kufeli. Tuyafungue moja moja, maana sioni kama yote yana jibu moja.

Nianze na hofu yako ya mtahini. Umelipokea neno la msimamizi kama sheria. Je, ndivyo kanuni za chuo chako zinavyosema, au ndivyo yeye alivyozoea? Utafiti wa eneo pana, wa kutembea na kuchimba vishimo vidogo, una heshima yake katika pwani hii. Jeffrey Fleisher aliufanya kaskazini mwa Pemba akiwa mwanafunzi wa udaktari, na picha aliyoipata, ya vijiji vya mashambani kupungua wakati miji ya mawe inakua, isingepatikana kwa kuchimba mji mmoja. Stephanie Wynne-Jones alilizunguka eneo la Kilwa kwa namna hiyo. Matthew Pawlowicz akalipima eneo la Mikindani, jirani zako wa kusini, na akaona vyungu vya huko vikiachana na mitindo ya miji ya kaskazini katika karne za mwanzo za milenia ya pili. Ila haki isemwe: nao walichimba mashimo ya majaribio katika baadhi ya maeneo yao ili wapate mfuatano wa tabaka. Kwa hiyo msimamizi wako ana sababu ya kudai tarehe.

Litazame sasa swali lako lenyewe. Vyungu vyenye pembetatu zilizochanjwa, ambavyo mwanaakiolojia Felix Chami alivieleza kwa kina mwaka 1994 na wengine huviita vya mapokeo ya Tana, vilitumika takriban tangu karne ya 7 hadi ya 10. Kwa vigae peke yake unaweza kusema tuta lilikaliwa ndani ya miaka 300 au 400 hiyo, basi. Kilwa ilianza kukaliwa karibu na mwaka 800. Msikiti mkuu unaanzia karne ya 11. Kasri la Husuni Kubwa ni la mwanzo wa karne ya 14, na msafiri Ibn Battuta alifika mjini mwaka 1331. Ukitaka kulinganisha bonde lako na kila hatua ya mji, vigae havitakufikisha. Ukitaka kulinganisha vipindi viwili vipana, kabla ya mwaka 1000 na baada yake, vinaweza kufika, mradi uwe na midomo ya vyungu na vipande vyenye mapambo vya kutosha kutoka kwenye makazi madogo pia. Vihesabu, pima kipenyo cha kila mdomo, andika ni makazi mangapi yana mtindo wa kale tu, mangapi wa baadaye tu, na mangapi yana yote mawili. Hesabu hiyo ndiyo moyo wa tasnifu yako, na mtaro wa katikati ya tuta hautakupa.

Kuna udhaifu mwingine ambao mtahini makini atauona kabla hajagusia mtaro. Kwa gridi ya mita 50, makazi yenye kipenyo cha mita 50 yana nafasi ya asilimia 79 hivi ya kuangukiwa na kishimo. Makazi ya kipenyo cha mita 25, yaani kaya moja au mbili, yana nafasi ya asilimia 20 tu. Na hata kishimo kikiangukia ndani, chaweza kutoka kitupu kama vigae ni haba. Kwa hiyo ukiandika kwamba vijiji vilipungua, mtu atakujibu kwamba labda watu walitawanyika wakakaa kaya kaya, vishimo vyako vikawapita. Sehemu ya zile milioni 5 ingeweza kwenda kurudia viwanja vichache kwa gridi ya mita 25. Vishimo vitakuwa mara nne kwa eneo lilelile, lakini nafasi ya kuzipata kaya hizo ndogo itapanda hadi ile asilimia 79. Kama msimamizi hajaligusa hili, ligusie wewe.

Sasa mtaro wenyewe. Katika mita 2 kwa 2, kila kina cha sentimita 10 ni lita 400 za udongo, ndoo 20 za lita 20, kabla haujatifuka. Tuta likiwa na mabaki ya mita moja na nusu, hizo ni ndoo 300, zote zipite kwenye chekeche. Halafu kuosha, kukausha kivulini, kuandika namba kwenye kila kigae, kuchora midomo, kupima mavi ya chuma. Msimamizi anafikiria siku za kuchimba. Wewe fikiria miezi ya mezani, Desemba hadi Aprili, na tasnifu ukiwa unaiandika. Kwenye fedha weka ada ya leseni, posho ya afisa wa malikale anayeambatana na uchimbaji, vibarua, usafiri, na gharama ya kufukia, ambayo wengi huisahau. Tarehe moja ya kaboni kwenye maabara nyingi za nje ni kati ya dola 300 na 600, kwa hiyo mbili tu zinaweza kumeza hata zaidi ya nusu ya ulicho nacho.

Na tarehe hizo zitoke kwenye nini? Hapa ndipo watu huumia. Mafundi wa chuma walipenda mkaa wa miti migumu, na ninyi Lindi mna mpingo, mti unaokua polepole mno. Mkaa kutoka kiini cha mti wa miaka mingi hukupa umri wa kuni badala ya umri wa moto, na tofauti inaweza kufika karne nzima. Kombe la baharini nalo husoma takriban miaka 400 ya ziada hadi lisahihishwe, na konokono wa nchi kavu haaminiki penye mawe ya chokaa. Punje ya mtama iliyoungua ni bora kuliko hivyo vyote, kwa kuwa ni ya msimu mmoja, lakini huwezi kuipata kwenye chekeche ya milimita 5. Lazima utenge lita 10 hadi 20 za udongo kwa kila tabaka, uzimwage kwenye maji, mbegu na mkaa vielee, uvikinge kwa kitambaa chenye matundu yasiyozidi nusu milimita. Na katika udongo wa kichanga mchwa, fuko na mizizi ya mikorosho hushusha vitu na kuvipandisha. Ukiwa na tarehe mbili zinazopingana, hutajua ipi ya kweli. Shimo lilelile, likichimbwa kwa nafasi na kwa tarehe tano au sita kutoka chini hadi juu, linaweza kuwa msingi wa kuyapanga makazi yote ya bonde. Ndiyo maana siwezi kukuambia mtaro ni mbaya au mzuri bila kuangalia utachimbwa kwa maandalizi gani.

Kati ya mtaro wa katikati na kutochimba kabisa zipo njia ambazo hukuzitaja.

Ya kwanza huenda iko tayari stoo. Mavi ya chuma mara nyingi hunasa vipande vya mkaa ndani yake chuma kikiyeyushwa, na kipimo cha kisasa kinahitaji miligramu chache tu. Hakuna udongo mpya unaofunguliwa. Hasara yake ni kwamba kasoro ya mti mzee iko palepale, kipande kinavunjwa hivyo idhini ya malikale inahitajika, na tarehe itakuambia lini chuma kiliyeyushwa, haitakuambia lini watu walihamia wala lini waliondoka. Masizi yaliyoganda kwenye vyungu ni mbadala, kama yapo na kama vigae havikusuguliwa mno wakati wa kuosha.

Ya pili ni lile shimo la usiku. Uharibifu umeshafanyika. Kuta zake zinaweza kukwanguliwa kwa mwiko, sentimita 5 hadi 10, zikanyooka, zikapigwa picha, zikachorwa kwa kipimo cha 1:10, rangi ya kila tabaka ikasomwa kwenye chati ya Munsell. Sampuli zichukuliwe ukutani kuanzia chini kwenda juu, ili udongo wa juu usidondokee wa chini ukauchafua. Unapata mfuatano wa tabaka bila kufungua mahali papya, na mwisho unalifukia shimo. Hatari zake ni mbili. Ubavuni kunaweza kuwa na udongo ulioporomoka tu, au jalala ambalo halisemi habari ya tuta zima. Na kijijini watu wanaweza kukuona umekamilisha kazi ya mwizi. Hilo lizungumzwe kabla hujashika mwiko.

Ya tatu ni shimo la mita 1 kwa 1 kwenye makazi mojawapo madogo, mbali na mbuyu, katika shamba lisilo na mgogoro. Ni ndoo 5 tu kwa kila kina cha sentimita 10. Kwa swali linalohusu bonde zima sioni kwa nini tuta kubwa liwe na haki ya kutangulia, ingawa naelewa kwa nini macho ya kila mtu yako pale. Tatizo ni kwamba makazi madogo huwa na mabaki membamba, sentimita 30 au 40, na yamelimwa mara nyingi.

Ya nne ni kuliacha tuta kwa udaktari au kwa mtafiti mwingine, na kulipa nafasi yake kwenye tasnifu kwa ramani, msambao wa mavi ya chuma na mpango wa uchimbaji ujao. Hapo hatari ni aliyechimba usiku. Yeye hatakusubiri.

Njia yoyote utakayoishika, saini ya mwenyekiti usiihesabu kama leseni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na uchimbaji unahitaji leseni ya serikali, mbali na kibali cha utafiti ulichotoka nacho chuoni. Kama leseni yako ya msimu wa kwanza ilitaja kutembea na vishimo vidogo, mtaro ni ombi jingine, na kusafirisha sampuli nje ni ombi jingine tena. Pima muda wa maombi hayo na kalenda ya mvua.

Nakuja kwa Bibi. Umeandika kwamba Babu ndiye mwenye shamba, na amekubali. Je, umeuliza mzimu ni wa nani? Ardhi, mikorosho, mzimu na makaburi vinaweza kuwa na wasemaji tofauti. Wenyeji wengi wa Lindi, Wamwera na Wamakonde wakiwemo, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kama familia hii iko hivyo, watoto wa Bibi na wajukuu wake kwa mabinti ndio ukoo wenyewe wa kesho, na kukataa kwake kuna uzito ambao hati ya kijiji haiuonyeshi. Muulize Babu faragha nani husema na mzimu, na nani huamua makaburi yakiguswa. Huenda anakuhimiza kwa mapenzi. Huenda pia ana lake na dada yake, na wewe umeingizwa katika ugomvi uliokutangulia kuzaliwa.

Lile swali la Tendaguru lilikuumiza kwa sababu watu walicheka. Mimi nalisoma kama swali la haki kabisa. Kati ya 1909 na 1913 zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, na mjusi mkubwa amesimama Berlin mpaka leo. Bibi anataka kujua mifuko yako itakwenda wapi, itakaa kwa nani, na nani atarudi kusema kilichoonekana. Yote hayo yana majibu, na yanaenea kwenye ukurasa mmoja: mifuko mingapi itatoka, ghala litakalopokea, ofisi ya kuulizia, mwezi utakaorudi na matokeo kwa Kiswahili, na kijana gani wa ukoo atasimama shimoni kila siku akiandika daftari lake mwenyewe. Mkutano wa hadhara haufai kwa mazungumzo haya, kwa kuwa mtu aliyesema mbele ya kijiji hawezi kurudi nyuma kirahisi. Nenda nyumbani kwake, pamoja na mama mmoja wa pale anayemheshimu. Mwoneshe picha za vigae vya msimu wa kwanza na mahali vilipohifadhiwa. Muulize ni hatua ngapi kutoka mbuyuni zisiguswe na yeyote. Muulize kama panatakiwa dua au sadaka kabla ya kazi, na nani aiongoze. Mweleze utafanya nini ukionekana mfupa wa mtu: kazi inasimama, unafunikwa kwa udongo uleule, ukoo na afisa wa malikale wanaitwa, shimo linahamishwa. Liandikwe kabla, lisiachwe kwa busara ya siku hiyo.

Baada ya yote anaweza bado kukataa. Ukimwendea ukiwa umeshaamua moyoni, ataligundua hilo kabla chai haijapoa. Kwa hiyo jiulize mapema kama uko tayari kulipokea jibu lake, na kama hauko tayari, jiulize unakwenda kumwomba nini.

Kuhusu wageni, tenganisha wanachotoa na wanachoomba. Tarehe sita na kemia zinahitaji sampuli na maelezo ya tabaka zilikotoka. Hazihitaji vipimo vya GPS vya kila makazi bondeni. Unaweza kuwapa tuta peke yake, au kuwapa maeneo mengine yakiwa yamekadiriwa kwa kilomita 1, na kamili ukabaki nayo wewe na idara ya malikale. Kumbuka pia wasaka mali ya Mjerumani. Faili kama hilo likizagaa, litawafikia. Uliza wazi makala itatoka kabla ya tasnifu au baada yake, sehemu ya vyungu ataandika nani, sampuli zitakazobaki zitarudi lini. Jina la pili halina aibu, wengi wamejengeka kwa njia hiyo. Lakini sura yako ikichapishwa na mwingine kabla ya Aprili, mtahini atauliza mchango wako ni upi. Ukikataa moja kwa moja, nako kuna hasara: vipimo ambavyo mwanafunzi hawezi kujilipia, na watu ambao huenda ukawahitaji mbele. Msimamizi anayekuhimiza ukubali aombwe kutia saini kwenye makubaliano hayo, ili ulinzi wako uwe na jina lake.

Na yeye mwenyewe, unaona kumkatalia ni utovu wa adabu. Kumletea hoja kwa heshima kunaweza kumfurahisha kuliko utii wa kimya. Mwombe saa moja, nenda na karatasi: swali, makazi kwa mitindo ya vyungu, zile asilimia za gridi, bei ya mtaro mstari kwa mstari, na njia nne pamoja na hatari zake. Kisha muulize, "Profesa, mtahini akisoma hivi atauliza nini?" Huenda hofu yake ni hiyohiyo yako. Huenda anajua jambo la idara ambalo hajakuambia. Akisimama palepale, yupo mratibu wa masomo ya uzamili, na kusikiliza tofauti za namna hii ni sehemu ya kazi yake.

Wakati ukiyapima hayo, yapo ambayo utayahitaji ukichimba na usipochimba: hesabu ya midomo ya vyungu, kukagua mavi ya chuma kama yamenasa mkaa, ombi la leseni lenye zaidi ya chaguo moja la mahali, na safari ya kwa Bibi. Na lile shimo la usiku, mpelekee taarifa afisa utamaduni wa wilaya wiki hii, pamoja na picha na vipimo vyake, kabla hayajawa mawili. Utuandikie Bibi amesemaje.

Mshauri wako